Shajara ya mradi: jedwali la ratiba la kidhibiti cha pampu

Jumatatu: mizigo na bajeti

Kidhibiti hiki kitafungwa kwenye chumba cha pampu cha jengo la ghorofa upande wa Umoja, Nairobi. Maji ya mgao yanaingia tangi la chini. Mfereji ukikauka, kisima kinachukua zamu. Pampu ya pili inapandisha maji kwa presha isiyoyumba. Stima ni ya fezi tatu, volti 415, Hz 50, na nyuma ya jengo kuna jenereta. Bodi inatumia prosesa ndogo ya STM32F407 ya MHz 168, haina mfumo endeshi. Ratiba nzima inapangwa kwenye laptopu, inageuzwa kuwa jedwali la C na kuandikwa kwenye flashi. Bodi ikishawaka haipangi tena chochote. Inafuata jedwali na kugawa kilichobaki.

Muda umekatwa kwa sloti za milisekunde 1, sawa na mizunguko 168,000 ya saa ya prosesa. Kazi za kujirudia (kikomo ni muda ambao kazi lazima iwe imeisha tangu ifike; kisipotajwa ni sawa na muda wa kujirudia):

- Ulinzi wa mota: kila ms 10, sloti 1, kikomo ms 10
- Presha: kila ms 20, sloti 3, kikomo ms 20
- Usawa wa matangi na klorini: kila ms 50, sloti 4
- Modbus, yaani kuuliza mita na vifaa kwa waya: kila ms 100, sloti 1 ya kutuma ombi na sloti 2 za kusoma jibu
- Skrini: kila ms 100, sloti 9

Kigawe kidogo cha shirika cha 10, 20, 50 na 100 ni 100, kwa hiyo jedwali linajirudia kila ms 100. Ndani yake kazi ni 10 + 15 + 8 + 3 + 9, jumla sloti 45. Zinabaki 55.

Kisha kuna matukio yasiyo na saa. Fezi ikipotea, sloti 4 lazima zikamilike ndani ya ms 20. Maji ya kisima yakishuka chini ya pampu, sloti 2, pia ndani ya ms 20. SMS kutoka kwa mtunza jengo na uandishi wa kumbukumbu kwenye kadi ya SD hazina kikomo; zisubiri.

Bajeti zimetoka kwenye kaunta ya mizunguko iliyo ndani ya prosesa, DWT_CYCCNT. Ina biti 32, hivyo kwa MHz 168 inarudi sifuri kila sekunde 25.6 hivi; ukitoa thamani mbili za uint32_t (namba za biti 32 zisizo na hasi), kurudi huko hakusumbui. Pima kashe ya flashi (kumbukumbu yake ndogo ya haraka) ikiwa imezimwa. Ukipima kazi moja ndani ya kitanzi, kashe inajaa maagizo yake na unapata muda mzuri ambao hautauona tena kazi nyingine zikianza kupishana nayo. Kipimo cha juu kabisa tumekiongezea asilimia 20, kisha tukakipandisha hadi sloti nzima. Hata hivyo kipimo hakithibitishi kwamba hakuna njia ndefu zaidi ndani ya programu, na ndiyo maana kila kazi ina kikomo cha sloti kinachosimamiwa na saa ya bodi.

Ms 10 za ulinzi wa mota ni nusu ya wimbi la Hz 50. ADC, inayogeuza mkondo kuwa namba, inajaza bafa mbili kwa zamu kupitia DMA, njia ya kuhamisha data bila prosesa, na kazi inakokotoa mkondo wa nusu wimbi lililokwisha. Jenereta ikishuka hadi Hz 48, nusu wimbi inakuwa ms 10.4 na usomaji unayumba kidogo, kwa hiyo usomaji mmoja wa juu hauzimi pampu. Na rilei ya overload, inayokata mota ikizidiwa, inabaki pale pale kwenye paneli. Programu isipewe kazi hiyo peke yake.

Jumanne: fremu

Njia ya kawaida ya ratiba iliyopangwa mapema ni kugawa mzunguko mzima wa jedwali (hapa ms 100) kuwa fremu zenye urefu sawa na kujaza kila fremu kazi zake. Masharti ni matatu: fremu isiwe fupi kuliko kazi ndefu kuliko zote, igawanye mzunguko bila baki, na kwa kila kazi, fremu mara mbili, ukitoa kigawo kikubwa cha shirika cha fremu na kipindi cha kazi, isizidi kikomo. Sharti la tatu ndilo linalohakikisha kwamba kati ya kazi kufika na kikomo chake kuna angalau fremu moja nzima.

Kazi ndefu hapa ni skrini, sloti 9. Fremu zinazowezekana ni 10, 20, 25, 50 na 100. Kwa ulinzi wa mota, fremu ya 20 inatoa 40 − 10 = 30, na kikomo ni 10. Fremu ya 25 inatoa 45. Inabaki 10 tu.

Sasa weka skrini ndani ya fremu ya 10 pamoja na ulinzi wa mota: 9 + 1, imejaa hadi ukingoni. Skrini ikatwe, sawa. Tatizo kubwa ni matukio ya ghafla. Katika fremu, tukio likifika fremu ikiwa imeanza linasubiri fremu inayofuata, na kati ya ms 20 za fezi, karibu 10 zinaliwa na kusubiri.

Jumatano: swali ambalo lazima liulizwe

Kwa mzigo wa asilimia 45, kwa nini tusitumie vipaumbele vya kudumu tu? Liu na Layland walionyesha mwaka 1973 kwamba kazi tano za kujirudia zenye vikomo sawa na vipindi vyake, zikipewa kipaumbele kwa ufupi wa kipindi, hazikosi kikomo kama mzigo hauzidi asilimia 74.3. Tuko mbali na hapo. Ulinzi wa mota ukiwa juu na fezi chini yake, pamoja na maji ya kisima, fezi ingejibiwa ndani ya sloti 7.

Jibu la kweli ni kwamba kwa prosesa peke yake vipaumbele vingetosha. Jedwali limechaguliwa kwa sababu ya waya wa Modbus, ambao una muda wake na haujali vipaumbele vya prosesa, na kwa sababu kuna mizigo inakuja. Anayejenga kidhibiti kisicho na basi ya mawasiliano asijisumbue na yanayofuata hapa.

Alhamisi: jedwali la kwanza na deni lake

Mbinu ni ya kusogeza sloti, aliyoichapisha Gerhard Fohler mwaka 1995. Jedwali halisemi kazi ianze saa ngapi. Linasema isianze kabla ya lini na iishe kabla ya lini. Kazi zenye kikomo kimoja zinaingia kipindi kimoja cha jedwali (si kipindi cha kujirudia cha kazi), na kipindi hicho kinaishia kwenye kikomo chao. Kisha unakokotoa akiba ya kila kipindi, ukianzia cha mwisho na kurudi nyuma: urefu wa kipindi, toa kazi zake, toa deni la kipindi kinachofuata kama kina deni.

Modbus imegawanywa: kutuma kuwe kumeisha kufikia 30, kusoma kusianze kabla ya 90. Katikati ni ms 60 za waya. Kazi nyingine zote zimeachiwa vikomo vyake vya asili, na skrini ina uhuru wote hadi 100. Vipindi vinatoka kumi, kila kimoja sloti 10. Kazi zake kwa mfuatano ni 1, 4, 2, 4, 5, 4, 1, 4, 1 na 19.

Tazama cha mwisho. Sloti 19 ndani ya nafasi ya 10, deni la 9. Deni hilo linalipwa na kipindi cha tisa, ambacho kilikuwa na 9 kamili. Akiba zinakuwa:

9, 6, 8, 6, 5, 6, 9, 6, 0, na mwisho −9.

Jumla ya zilizo chanya ni 55, ileile ya Jumatatu. Lakini kuanzia sloti ya 80 hadi 100 kuna sloti 20 na kazi 20. Kadi ya SD ikiwa imetumia akiba zote za mwanzo, skrini itakuwa haijaguswa kufikia 80, na fezi ikipotea hapo hakuna pa kuiweka. Tukikagua kila sloti ambamo tukio linaweza kufika, sloti 4 ndani ya ms 20 zinakosekana kuanzia sloti ya 73 hadi ya 83. Hizo ni sloti 11 kati ya 100, kwenye mashine iliyo wazi zaidi ya nusu.

Hapa ndipo asilimia ya mzigo inapopotosha watu. Prosesa haikosi nafasi. Nafasi haipo pale tukio linapofika. Na hitilafu hii haijitokezi mezani, kwa sababu mezani kadi ya SD haina cha kuandika. Skrini inamalizika mapema, deni linalipwa, na kila jaribio linapita.

Ijumaa: jedwali la pili

Hakuna kazi iliyopunguzwa. Vikomo tu vimebanwa, na kikomo cha ndani ya jedwali kinaweza kubanwa mpaka pale kazi inapobaki na nafasi ya kukimbia.

Skrini ina kurasa 8 za picha, pikseli 128 kwa 64. Zimegawanywa 3, 3 na 2, kila sehemu sloti 3, na vikomo vimewekwa 10, 30 na 90. Thamani zote za kuonyesha zinanakiliwa mwanzoni mwa sehemu ya kwanza. Bila hivyo nusu ya juu ya skrini inaonyesha presha ya sasa na nusu ya chini inaonyesha ya zamani. Kazi ya pili ya usawa wa matangi, inayofika 50, imepewa kikomo cha 70 badala ya 100. Ya kwanza imebaki na 50. Mapengo kati ya usomaji yanakuwa hayalingani, na kwa tangi la maji hilo si neno, wala pampu ndogo ya klorini haihesabu milisekunde.

Akiba mpya: 6, 6, 5, 6, 5, 6, 5, 6, 6, 4. Jumla ni 55 vilevile.

Kipimo kinachofaa kuandikwa ukutani ni akiba ndogo kabisa ndani ya dirisha lolote la ms 20, hata kadi ya SD ikila kila sloti inayoruhusiwa. Kila dirisha kama hilo linagusa vipindi visivyozidi vitatu mfululizo. Chukua akiba ya kile cha katikati, ongeza ndogo kati ya za jirani zake wawili. Kwa jedwali la pili jibu la chini kabisa ni 10, kuzunguka mwisho wa jedwali: 4 + 6. Kwa la kwanza jibu ni 0. Fezi na kisima kwa pamoja vinahitaji 6.

Kanuni za wakati wa kukimbia ni chache. Mwanzo wa kila sloti, kama akiba ya kipindi cha sasa ni zaidi ya sifuri, tukio la ghafla linapewa sloti; kama hakuna tukio, kazi ya jedwali yenye kikomo cha karibu; kadi ya SD au SMS ikisubiri, inaruhusiwa mbele ya kazi ya jedwali ili mradi akiba ipo. Akiba ikiwa sifuri, kazi ya jedwali pekee. Kazi ya kipindi cha mbele ikikimbia mapema, akiba ya sasa inapungua 1 na ya kipindi chake inaongezeka 1. Kama kipindi hicho kilikuwa na deni, kilicho nyuma yake nacho kinaongezewa, na kuendelea kurudi mpaka upate kisichokuwa na deni. Watu husahau hatua hiyo ya kurudi nyuma, na akiba inabaki imeandikwa ndogo kuliko ilivyo. Haileti ajali, ila SMS zinachelewa bila sababu.

Jedwali lote ni kazi 22. Kwa baiti 8 kila moja ni baiti 176 za flashi.

Presha ilihitaji uangalifu kidogo, maana sasa hesabu yake inaweza kukimbia popote ndani ya ms 20. Usomaji unachukuliwa na kipimamuda mwanzoni mwa ms 20 hizo, na amri kwenda kwa kibadilisha kasi cha mota inatoka mwisho wake, siku zote. Hesabu iende inakotaka katikati.

Jumatatu inayofuata: waya wa Modbus

Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde kila herufi yenye pariti ni biti 11, sawa na ms 1.146. Ombi la baiti 8 ni ms 9.2. Jibu la rejista 10 ni baiti 25, ms 28.6. Kimya cha herufi 3.5 ni ms 4, mara mbili. Jumla ms 45.8 kati ya 60 tulizotenga, zinabaki 14 za kifaa kufikiri. Mita ya umeme ikichukua ms 20 kujibu, jibu linakuwa bado njiani wakati wa kusoma. Kasi imepandishwa hadi 19200: jumla inakuwa ms 22.9 na kifaa kina ms 37. Kwa kebo ya urefu wa jengo, RS-485 (laini ya umeme inayobeba Modbus) haisumbuki na kasi hiyo, mradi kuna rezista ya ohmu 120 kila mwisho wa kebo. Zinapatikana barabara ya Luthuli mjini bila kutafuta. Usiweke katikati, na usiweke tatu.

Kazi ya kusoma haisubiri. Jibu likiwa halijakamilika, thamani ya zamani inabaki na alama ya kuchakaa. Tatu mfululizo na kengele inalia.

Kosa la kawaida ni kuachia laini ya mwelekeo ya RS-485 bafa ya kutuma ikiwa tupu. Bafa tupu maana yake baiti ya mwisho imehamia kwenye rejista ya kusukuma, haijatoka nje. Subiri alama ya TC (kutuma kumekamilika), si TXE (bafa tupu). Ukitumia TXE baiti ya mwisho inakatwa, CRC (namba ya kukagua ujumbe) inakataa, na kifaa kinanyamaza kabisa. Fundi anaanza kubadilisha kebo nzima.

Jumatano: kadi, modemu

Kadi ya SDHC inaruhusiwa kukaa na shughuli zake hadi ms 250 baada ya kuandikiwa bloku. Dereva nyingi za SPI (basi inayounganisha chipu na prosesa) zinazunguka palepale zikiuliza. Hapa haziwezi kuvunja jedwali, lakini zinamaliza akiba yote kwa kuuliza tu na SMS haiendi. Dereva imegeuzwa kuwa hatua: andika baiti 512, uliza mara moja, toka.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa SPI moja kwa kadi na skrini. Kazi isiyo na kikomo inakatwa katikati ya bloku, inashikilia basi, na skrini yenye kikomo inafika na kukuta mlango umefungwa. Hapo hesabu zote za akiba hazina maana. Kadi imehamishiwa SPI2. Kanuni ya mradi: kazi isiyo na kikomo haishiki kitu ambacho kazi ya jedwali inakihitaji.

Modemu iko kwenye 115200, baiti 11,520 kwa sekunde, hadi 12 ndani ya sloti moja. Interapti (ishara inayomkatiza prosesa) kwa kila baiti, ikila mizunguko 500, ni mizunguko 6,000, asilimia 3.6 ya sloti ambayo haimo kwenye bajeti yoyote. Tumetumia DMA na ishara ya laini kunyamaza: interapti moja kwa ujumbe. Tena modemu ya 2G inavuta mkondo wa hadi ampea 2 kwa mikupuo kila ms 4.6, na mikupuo hiyo inaonekana kwenye usomaji wa mkondo wa mota. Ipewe regulata yake ya umeme na kapasita kubwa karibu na miguu yake.

Ijumaa: fezi na jenereta

Hakikisho la sloti 6 linasimama tu kama matukio hayarudii haraka. Jenereta ikipokea mzigo, mguso wa rilei ya kuchunguza fezi unarukaruka na kutoa interapti nyingi ndani ya milisekunde chache. Kwa hiyo interapti ya kwanza inajizima yenyewe, na ulinzi wa mota ndio unaoifungua tena baada ya kukimbia mara kumi, yaani ms 100, ukikuta laini imetulia. Pengo la chini kati ya matukio sasa linatokana na programu na halitegemei tabia ya rilei.

Kipimamuda mlinzi kinalishwa mahali pamoja tu: mwisho wa jedwali, kama kazi zote 22 zina alama ya kukamilika. Kukilisha ndani ya interapti ya saa ni kazi bure, maana saa inaendelea hata kazi zikikwama. Angalia pia kwamba saa ya ndani ya mlinzi huyo kwenye F4 ni kHz 32 kwa jina, lakini karatasi ya kifaa inaruhusu 17 hadi 47. Ukiandika ms 250 unaweza kupata 170 au 470. Ya chini lazima ipite ms 100 kwa nafasi nzuri.

Jumatatu: mita za nyumba

Mzigo mpya: kusoma mita za maji za nyumba, kila ms 100, sloti 5. Skripti ya laptopu inaiga ufikaji wa tukio katika kila moja ya sloti 100 huku kadi ya SD ikila akiba yote, na inakataa kutoa faili kama dirisha lolote la ms 20 lina chini ya 6.

Kikomo cha 100: kipindi cha mwisho kinaingia deni la 1, dirisha dogo kabisa ni 5, imekataliwa. Kikomo cha 60: 6, inapita bila hata sloti moja ya ziada. Imekatwa 3 zenye kikomo cha 20 na 2 zenye kikomo cha 80: 8. Hii ya mwisho ndiyo iliyoandikwa kwenye flashi. Hali ya usomaji inahifadhiwa kati ya sehemu mbili, na mzigo sasa ni asilimia 50.